Kitanda cha Binti wa Seremala

Fundi alikuwa seremala hodari, lakini kinyozi hajinyoi. Kitanda chake mwenyewe kililia kila alipogeuka, na mkewe alikuwa amechoka kumkumbusha. Sasa alikuwa anatengeneza kitanda kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Kilikuwa cha binti yake wa pekee.

Binti alitafutiwa mchumba, mtoto wa muuza mbao, rafiki wa Fundi tangu ujana. Wazee hao wawili walipeana mikono, wakaanza kuitana mkwe. Fundi alipompasha binti habari, binti aliinamisha kichwa, akanyamaza.

"Kimya ni jibu," Fundi alimwambia mkewe kwa furaha.

Tangu siku hiyo, jioni akitoka kujifunza ushonaji, binti aliingia karakana kumsaidia baba yake. Alishika msasa akasugua ubao wa kichwani wa kitanda kile. Alisugua, akasugua. Hakuimba kama zamani.

Siku moja jirani yao, mkunga wa zahanati, alikuja kuchukua kigoda chake. Binti alikuwa hajarudi. Mkunga alipitisha kiganja kwenye ule ubao, akasita.

"Fundi, mbona hapa pameliwa?"

Fundi alipapasa. Kweli palikuwa na bonde. Binti alikuwa akisugua mahali pamoja, mawazo yake yakiwa mbali. Fundi aliposema hiyo ni kazi ya binti, mkunga alimtazama.

"Hii ndoa, ulimuuliza mwenyewe?"

"Nilimwambia."

"Kaka yangu, sikuuliza kama ulimwambia."

Fundi alijitetea. Familia ile aliijua nje ndani. Kijana alikuwa na kazi na adabu. Mkunga hakumbishia. Alisema ni kweli, wazazi huona mbali. Huchunguza tabia, na ugomvi ukizuka, wazee wa pande zote mbili wapo kusuluhisha. Yeye mwenyewe alitafutiwa mume, na mpaka leo mume huyo humchemshia maji ya kuoga.

"Lakini mama aliniuliza," alisema. "Tulikuwa wawili tu, tunafua nguo. Akaniambia hata nikikataa, nitabaki kuwa mwanawe."

Kisha akaeleza habari za wanawake anaowaona zahanati, walioolewa bila kuulizwa. Wakilia, ndugu huwaambia wavumilie ili wazee wasiaibike.

"Kimya si ndiyo, Fundi. Mtoto mwenye adabu hunyamaza hata anapoumia."

Jioni ile Fundi aliketi karibu na binti yake, chini, kwenye maranda ya mbao. Akamuuliza. Binti alikunja na kukunjua kipande cha msasa kwa muda mrefu.

"Baba, sitaki kukuvunjia urafiki wako."

"Urafiki wangu niachie mimi. Wewe unataka nini?"

"Yule kijana ni mtu mwema. Ila moyo wangu haumtaki. Na nilitaka nimalize mafunzo yangu kwanza."

Fundi alimshika bega. "Basi imekwisha, mama," akasema, na binti akalia kwa mara ya kwanza tangu apewe habari ile.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa rafiki yake, akamwambia ndoa haipo tena. Muuza mbao alinuna. Siku kadhaa hawakusalimiana. Halafu asubuhi moja akatokea karakana, akacheka peke yake mlangoni. Naye alikuwa amemuuliza mwanawe, na kijana akashusha pumzi. Kumbe naye hakuitaka ndoa ile, alinyamaza tu kwa kumwogopa baba yake.

"Ndugu yangu," alisema muuza mbao, "nadhani tulitaka kuoana sisi wazee."

Walicheka mpaka Fundi akaweka chini nyundo.

Kitanda kilihamia chumbani kwa Fundi, na bonde lake. Mkewe alitaka kujua, kwa mzaha, kama na yeye ataulizwa iwapo anakitaka. Fundi akamuuliza kwa dhati. Akajibu ndiyo, tena haraka, kabla mume hajabadili mawazo.

Binti sasa anakaribia kumaliza mafunzo, na anaimba. Wachumba watakuja, na wazazi watachunguza kama kawaida. Lakini siku hizi binti akinyamaza, Fundi huweka randa chini, akamuuliza.