Amelala, Msimwamshe

Odeta alidhani ni utani wa Irfan. Mwisho wa kila jaribio kompyuta ilipaswa kuandika neno moja tu, "Amefutwa," halafu inyamaze. Siku ile, jua likiwa utosini na mabati ya ofisi yakilialia kwa joto, iliandika: "Amelala. Msimwamshe."

"Irfan, acha mchezo wako," alisema bila kugeuka.

"Mchezo gani, Mama Precious? Mimi nakula." Na kweli alikuwa na chapati mdomoni.

Walikuwa wawili tu katika ofisi hiyo ya Ilemela, yeye na Irfan mwenye kampuni, wakitengeneza programu ya kliniki za watoto: kuandikisha, kupima uzito, kuchanja. Kila walipobadili kitu, kompyuta ya chumba cha nyuma ilifanya majaribio yenyewe, la mizani, la chanjo, la matone ya vitamini, ili kosa likamatwe kabla halijamfikia muuguzi. Na kila jaribio lilihitaji mtoto. Lazima kwanza aandikishwe mtoto wa mfano na apimwe, ndipo jaribio lianze, na likiisha afutwe. Zamani hatua hizo ziliandikwa upya kwenye kila jaribio. Odeta, ambaye hakupenda kurudia kazi kama ambavyo hakupenda kula kiporo, alizikusanya mahali pamoja akaziita hatua za pamoja, na majaribio yote yakawa yanaziazima humo. Ukibadili pale, umebadili kote. Irfan alimsifu wiki nzima.

Mtoto wa mfano alihitaji jina. Mtu mwingine angeandika "Mtoto Fulani". Odeta aliandika la binti yake, Precious, na tarehe yake ya kuzaliwa, na kilo zake kumi na nne, kwa mapenzi tu. Alifurahi kuliona jina hilo likipita kwenye kioo cha kompyuta wakati yeye yuko mbali naye. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Aliisaka ile sentensi katika kila faili. Haikuwepo. Akaingia chumba cha nyuma kuitazama kompyuta yenyewe. Nyumba ile iliegemezwa kwenye jabali, kama nyingi za kilimani, na chumba hicho kilikuwa na kuta tatu za tofali. Ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe. Palinuka maziwa. Si ya ng'ombe. Yalikuwa ya mama anayenyonyesha, yale yanayogandia kwenye kanga. Na chini ya mngurumo wa feni alisikia mtu akibembeleza mtoto, hm, hm, hm, taratibu, ng'ambo ya jiwe.

Alitoka, akafunga mlango, akarudi kwenye kiti chake. Nani angemwamini?

Nyumbani Buzuruga, Precious, mtoto wa miaka minne aliyesifika kwa ulafi, hakugusa sahani yake.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba. Nimekula kwa mama."

"Mama yupi? Mimi si ndio kwanza naingia sasa hivi?"

"Mama yule mwingine."

Justa, mama yake Odeta, aliyekuwa akishinda na mtoto, alimvuta binti yake jikoni. "Sikutaka kukutisha ukiwa kazini," alinong'ona. "Huyu mtoto mchana anadondoka usingizi popote alipo, hata kijiko kikiwa mdomoni. Namwita, namtikisa, wapi! Halafu anaamka mwenyewe analia, anasema wamemnyang'anya kwa mama."

Wakampeleka hospitali. Malaria hana, minyoo hana, damu inatosha. Lakini nguo zilianza kumpwaya, na kule ofisini Odeta aliona jambo jingine: hatua za pamoja ziliandikisha kilo kumi na nne, kama alivyoziandika yeye, na kompyuta ikajibu kumi na tano, baada ya siku chache kumi na saba. Yule wa kwenye kompyuta alinenepa. Wa nyumbani alikuwa anakwisha.

Akafanya ambalo mama yeyote angelifanya. Jaribio la chanjo likiwa katikati, mtoto ameandikishwa na bado hajafutwa, alikimbilia chumba cha nyuma akaung'oa waya wa umeme ukutani. Feni ikafa. Kule kubembeleza hakukufa. Kulipanda, kukawa wimbo wa kumlaza mtoto katika lugha ambayo hakuielewa ingawa kila neno lilimwingia kifuani, na harufu ya maziwa ikajaa chumbani mpaka akahisi inamtiririka kooni, na alipokuwa anarudi nyuma akiutafuta mlango kwa mkono, simu yake ikaita, na mama yake alikuwa analia kwamba Precious amelala na safari hii haamki.

Hakuamka jioni. Hakuamka asubuhi. Odeta aliurudisha waya, akaandika amri ya kumfuta, akarudia, akarudia tena, na kila mara jibu likawa lile lile: Amelala, msimwamshe. Akabadili jina, akaweka la mtu asiyekuwepo duniani. Kompyuta ikajibu: "Huyu hana pumzi." Mfa maji haachi kutapatapa, alimwita mchungaji, akaombewa, akafunga, akampigia magoti Mungu kwenye sakafu ya ofisi huku Irfan akimwangalia na hajui ashike wapi.

"Umejaribu ya kwenu," Justa alimwambia. "Sasa tujaribu ya kwetu wazee."

Akamleta Wilhelmina, mganga wa Igoma, mama mnene mwenye kibuyu ndani ya mfuko wa plastiki. Aliingia chumba cha nyuma, akanusa, akarudi hatua moja.

"Mmekuwa mkimletea nini huyu?"

"Jina la mwanangu," Odeta alisema kwa sauti ya chini. "Nililiandika mara moja tu, bibi. Lakini kila jaribio linalitumia."

"Na jaribio likiisha?"

"Linamfuta."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mara nyingi."

Mganga alifumba macho, akaweka kiganja kwenye jiwe. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa changa na iliyochoka.

"Nilikaa humu bila mtoto, nikanyamaza. Mkaniletea mtoto mkononi. Nikampokea, nikampa ziwa, hajashiba mkamfuta. Mkamleta tena, nikafurahi, mkamfuta tena. Mama gani anafiwa na mtoto yule yule mara mia? Sasa simtoi."

Odeta alianguka chini ya lile jiwe, akalikumbatia. "Ni wangu! Nimemzaa mimi! Nihurumie!"

"Na mimi nani alinihurumia?"

Wilhelmina alipozinduka alikuwa ameloa jasho. "Siwezi kumtoa," alisema. "Hapa ni kwake, wageni ni ninyi. Ataachia kwa kubadilishana tu. Jina la mtu mwenye pumzi, alitoe mwenyewe kwa hiari. Na kwa mtu huyo atachukua kile ambacho yeye anakikosa. Ni nini, hakuniambia."

Irfan aliushika waya wa umeme. "Dada Odeta, tuzime kila kitu, tuhame..."

"Tukihama, mwanangu abaki na nani?"

Alikaa kwenye kiti. Alizifungua hatua za pamoja, akalifuta jina la Precious herufi moja moja, akaandika Odeta. Mahali pamoja tu, na majaribio yote yakawa yamelipata. Akabonyeza, na kompyuta ikaanza kumwandikisha, ikampima, jaribio la mizani likampokea likampitisha kwa la chanjo, la chanjo kwa la matone, na kila alipopitishwa alihisi mkono laini ukimpapasa kifuani kwa ndani, ukitafuta kitu kama mtu anayetafuta funguo gizani, mpaka ukakipata, ukakivuta, na kioo kikaandika: Odeta. Amefutwa.

Feni ilibaki ikinguruma peke yake. Harufu ya maziwa ilikatika. Irfan alipiga makofi kama mtoto.

Simu ikaita. "Ameamka!" Justa alipiga kelele. "Ameamka, anataka uji!"

Odeta alilia kwa furaha njia nzima, mpaka dereva wa bodaboda akamuuliza kama amefiwa. "Hapana, kaka," alimjibu. "Nimepewa." Aliingia ndani na viatu vyake. Precious alikuwa mkekani, bakuli mapajani, uji umemchora masharubu, macho maangavu kabisa.

"Precious wangu!" Alipiga magoti, akafungua mikono.

Mtoto alijibanza kwa bibi yake.

"Mkimbilie mama yako, we!" Justa alicheka.

"Mama yuko kule jiweni," Precious alisema. "Kasema nikae kwa bibi, nisilie. Atakuwa anakuja kuniona."

Kicheko cha Justa kilikwama. Alimtazama binti yake, kisha mjukuu. Ni Precious aliyekumbuka adabu. Alijifuta mdomo kwa kiganja, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni.

"Shikamoo, shangazi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Odeta alitaka kupiga ukunga, lakini aliiona ile mikono midogo ikimshika bibi yake kanga, akajua kwamba akilia mtoto ataogopa, na akiogopa hatamkaribia tena. Akakaa chini mkekani, mbali kidogo, akatabasamu.

"Marahaba, mtoto mzuri," alisema. "Unaitwa nani?"