Ukuta wa Mtaa wa Masufuria

Ng'a! Ng'a! Ng'a! Kabla Zulfa hajafumbua macho, alizisikia ndoo zikigongana bombani. Kikafuata kicheko, kisha sauti ya kijana wa Kimaasai ikapaa kuwaita wenzake: "Foleni, ero! Ng'ombe wa kwetu wana adabu kuliko nyinyi!" Hapo Zulfa akajua kwamba mtaa umeamka.

Mtaa wenyewe uliitwa Masufuria. Zamani, kabla shule ya sekondari haijajengewa mabweni, wanafunzi wa vijiji vya Daa, Kansay na hata Arash walifika mjini Karatu na sanduku, godoro na sufuria moja, wakiomba mahali pa kulala. Babu yake Zulfa, Mzee Yasini mwenye duka, aliwafungulia ghala lake la mahindi. Jirani akaona, naye akatoa chumba. Mwingine akaongeza banda. Muda si muda mtaa mzima ukawa mageto, yaani vyumba vya wanafunzi wanaojipikia. Hata leo, mabweni yakijaa, vijana hukimbilia Masufuria. Kila Jumamosi huchanga kikombe kikombe cha mahindi na maharage, wakapika makande ya pamoja, na wa kidato cha nne huwafundisha wadogo hesabu huku makande yakitokota.

Tena palikuwa na desturi. Anayemaliza shule huandika kwa mkaa, kwenye ukuta wa lile ghala, jina lake, kijiji chake na mwaka. Majina yalikuwa arobaini. Wenye majina hayo walikuwa wamealikwa kufika kesho yake, Jumamosi, na Zulfa wa darasa la sita ndiye aliyechaguliwa na bibi yake, Bi Mwamini, kuwasimulia wageni habari za mtaa.

Ijumaa alasiri Zulfa aliingia ghalani kufagia. Chini ya ukuta palikuwa na masizi. "Nipapake chokaa kidogo tu, pang'ae," alijisemea. Tone likaangukia jina moja. Akalifuta kwa kitambaa chenye maji, mkaa ukatapakaa. Akafuta tena, majina matatu yakawa doa jeusi. Akapaka chokaa kuficha doa, kisha akapanda kiti akapaka juu yake, kisha kando yake ili rangi zilingane. Alipozinduka, ukuta wote ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Zulfa!" Bi Mwamini alisimama mlangoni. "Nani kafanya haya?"

Zulfa alificha mikono ndani ya khanga. "Si mimi, Bibi. Labda kaka Saruni. Si ndiye anayekaa humu?"

Ulimi hauna mfupa. Saruni, kijana wa kidato cha nne kutoka Arash, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na madaftari yake.

"Saruni," Bi Mwamini alisema, "marehemu mume wangu hakuruhusu hata msumari kwenye ukuta huu. Kesho wageni wakiondoka, nawe funga sanduku lako."

"Bibi, mimi sijashika chokaa. Nimetoka shule sasa hivi."

"Kwa hiyo ilijipaka yenyewe?"

Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu, na Arash si mahali pa kwenda asubuhi ukarudi jioni. Ni mbali, ng'ambo ya Ngorongoro. Saruni aliinama kwa heshima akaanza kukunja shuka lake jekundu, polepole, pembe kwa pembe. Zulfa alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Bibi! Ni mimi!" Akaitoa mikono. Kucha zote zilikuwa nyeupe. "Nilitaka pang'ae. Halafu nikaogopa. Kaka Saruni, nisamehe."

Saruni alishusha pumzi, kisha akacheka. "Dada mdogo, ungenirudisha machungani! Hata ndama wangenizomea!"

Bi Mwamini hakucheka. Alimgeukia Saruni kwanza. "Mwanangu, nimekuhukumu bila kuuliza vizuri. Niwie radhi." Kisha akamwambia Zulfa, "Kesho utasimulia vilevile. Na habari ya leo ni habari ya mtaa."

Jumamosi ua ulijaa. Zulfa alisimulia habari za sufuria, za ghala na za babu yake. Kisha akaongeza: "Na majina yenu nimeyafuta mimi. Tena nikamsingizia mwenzangu."

Ghafla mwalimu Tluway, aliyewahi kulala humo akitokea Kansay, akaangua kicheko. "Kwani sisi tumekufa? Leteni mkaa!"

Wee! Watu wazima wakasukumana kuingia ghalani kama watoto.

"Toka hapo, ni pangu!"

"Tluway, mwandiko wako haujapona mpaka leo!" alisema Dorkasi, muuguzi kutoka Daa.

"Wewe mwenye dawa umeniacha hivi miaka yote?" Tluway akamjibu, akaandika chini ya jina lake:

*Makande hayana nyama, bali yananishibisha,*
*Masufuria ni mama, ndiye aliyenivusha.*

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Wasiofika walipigiwa simu, wakaandikiwa. Majina yakafika thelathini na tisa. Kwenye pembe ya juu, karibu na dari, nafasi moja ikabaki tupu. Kila mtu alikumbuka kwamba palikuwa na jina. Hakuna aliyekumbuka ni la nani.

"Weka lolote," mgeni mmoja alitania. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Zulfa.

Bi Mwamini akamshika bega. "Umesikia, mjukuu wangu? Kosa la mkono hurekebishwa kwa mkono. Jana ulikosea kwa chokaa, leo tumerekebisha kwa mkaa. Lakini uongo ulikuwa unamfukuza mtu asiye na hatia, na huo haurekebishwi ila kwa kusema kweli mapema, hata kama unaogopa."

Zulfa alitazama ile nafasi tupu, kisha akasema kwa sauti, ua mzima ukasikia: "Bibi, nitamtafuta mwenye jina hili, awe Daa, Kansay au Arash, mpaka nimpate. Na nikimpata, la kwanza nitakalomwambia ni nani aliyelifuta."