Renji Isiyoshika Kutu

Nyama ya Esha haikuwa na chumvi. Hata punje. Na yeyote kati ya Ukunda na Msambweni aliyewahi kualikwa kwake angekuapia kwamba Esha angeweza kusahau jina lake mwenyewe, lakini chumvi asiisahau.

"Dada, leo umepikia macho?" Swabir akamtania, tonge liko shavuni. "Au shemeji kakuudhi?"

Esha alicheka kidogo, akatazama pembeni. "Kula, bwana. Usinisumbue."

Akala. Sinia lilikuwa limewekwa juu ya boneti ya gari, maana uwanja wa Chande, mume wa Esha, pale Waa ulikuwa tope tupu. Lilikuwa na wali mweupe, nyama ya mbuzi, ndizi mbivu, halua, na yai moja bichi ambalo Swabir alisema labda kuku amelisahau. Chande na mkewe hawakugusa kitu. Walisema wamefunga, ni Alhamisi. Basi Swabir akalisafisha sinia peke yake, akalamba vidole, akasema, "Tamu hivyo hivyo. Mkono wa dada ni mkono wa dada."

Huyu mlaji lazima mumjue. Swabir alikuwa fundi wa magari Ukunda, na ukitaka kujua ni fundi wa namna gani, usihangaike kuuliza watu, angekwambia mwenyewe. Shule aliiacha darasa la sita kwa sababu, kwa kauli yake, mwalimu alikuwa amekwisha kumaliza ya kumfundisha. Mama yao alikufa Swabir angali mdogo, na Esha ndiye aliyemlea, akamwogesha, akampikia, akampiga makofi ilipobidi. Sasa alikuwa ana mke, Yusra, mwenyeji wa Mkwiro, na Yusra alikuwa mjamzito, tumbo limetangulia mlangoni kabla yake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua ya El Nino ilikuwa imezitafuna barabara, na baada ya zile vurugu za Likoni watalii walikuwa wamekimbia. Wazungu waliokuwa na nyumba Diani wakafunga virago, na magari yao ya kifahari yakawa yanauzwa kama ndizi za jioni. Chande, shemeji yake, alikuwa dalali wa magari hayo. Swabir alikuwa na wazo lake: atwae gari moja la kitajiri, alivue mazulia na urembo, aliinue juu, alitie magurudumu makubwa, winchi ya kujivuta mbele, na bomba la kuvutia hewa lipande hadi paani, ili lipite pale wengine wanapozama. Mtoto azaliwe amkute baba ana gari la kubeba wageni mpaka Shimba Hills, masika na kiangazi.

"Yako matatu," Chande alimwambia alipomaliza kula. "Chagua mwenyewe, shemeji. Mimi sisemi neno. Mwenye jicho ni wewe."

Ukitaka kummaliza Swabir, msifu. Alichukua bisibisi, akalala chali topeni chini ya Land Cruiser nyeupe, akalichoma bisibisi kwenye chesisi. Likaingia kama kwenye papai.

"Hili chumvi ya bahari imeshalila. Lililobaki ni rangi."

Akaenda kwenye Pajero. Chesisi nzima, lakini akatikisa kichwa. "Miguu ya mbele laini. Ukiliinua sana hili linapiga magoti. Ni gari la kupelekea bibi harusi."

Ya tatu ilikuwa Renji, Range Rover ya kijani, ile ile iliyofanywa meza. Ekseli nzima mbele na nyuma, springi ndefu, injini ya silinda nane iliyonguruma kama simba aliyeshiba. Bodi ilikuwa aluminiamu, hilo alilijua; lakini chesisi ni chuma, na chuma cha Pwani hakina siri. Akalichoma. Bisibisi likaruka. Akalikwaruza. Chuma kilikuwa cheusi, safi, baridi, na kina unyevu kidogo, mithili ya kitu kilichotoka kulambwa.

"Lilikuwa likikaa wapi hili?"

"Diani, ufukweni kabisa," Chande akajibu. "Miaka. Hata mabati ya gereji yake yalitoboka."

Fundi mwingine angejiuliza imekuwaje chumvi ile ile iliyotoboa paa isiliguse gari lililo chini yake. Swabir alicheka akajipiga kifua. "Mwaona? Ndiyo maana naitwa fundi. Nimechagua hili!"

Ndani ya nyumba, Mejumaa, binti wa Esha, aliyekuwa akiugua muda mrefu hata amebaki mifupa, alilia kilio kimoja kirefu kisha akanyamaza. Esha alikimbilia ndani. Chande aliushika mkono wa Swabir kwa mikono yake yote miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mungu akulipe, shemeji," alisema.

Swabir alidhani ni furaha ya biashara.

Karakana yake ilikuwa imepakana na nyumba yake, Ukunda. Aliyemsaidia kazi ni Ngui, mchomeleaji, mtu mzima, mlokole, ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba huko Shimba Hills. Walivua viti, wakaiinua Renji, wakatia springi mpya. Kazi ilikwenda vizuri mno, Swabir akawa anawasimulia wapita njia. Kilichomkera ni harufu tu. Kila walipoufungua mlango wa nyuma ilitoka harufu ya udi, na chini ya udi, harufu ya yai viza.

Kisha likaanza tik, tik, tik. Taa ya kuonyesha kona ilikuwa ikilia saa sita ya mchana, mvua inanyesha.

"Ngui, chomoa betri."

"Bosi, betri iko kwa meza tangu asubuhi. Si unaiona?"

Waliitazama betri mezani. Tik, tik, tik. Swabir alisema ni umeme uliobaki kwenye nyaya, kwa sauti ya mtu anayejua, na Ngui alivaa kofia yake ya kuchomelea akainama kwenye bampa la mbele. Aliwasha moto mara moja. Akauzima. Akainua kofia, akakodolea macho sehemu ya nyuma kupitia kioo cha mbele, akaishusha tena, akawasha, na mara hii cheche zikaruka ovyo.

"Bosi," alinong'ona. "Kuja uangalie na hii kofia. Usiongee. Angalia tu."

Swabir aliivaa kofia huku akicheka. Kwa kioo kile cheusi dunia yote huwa giza, huoni ila moto wenyewe. Ngui akawasha moto, na katika mwanga ule wa buluu Swabir alimwona mwanamke ameketi kiti cha nyuma, mahali ambapo kiti kilikuwa kimeshang'olewa, amejifunika leso kichwani, mikono juu ya mapaja, ametulia kama abiria aliyelipa nauli na sasa anamsubiri dereva.

Akaivua kofia. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa hata na kiti.

"Mimi nimeokoka, bosi," Ngui alisema akikusanya vyuma vyake, "lakini kuokoka si kuwa mjinga. Sirudi hapa." Wala hakurudi.

Swabir hakumwambia Yusra. Fundi mzima aseme amemwona nani? Lakini alasiri moja alipotoka dukani alimkuta Yusra ameketi kivulini mwa Renji, anasinzia, mkono tumboni.

"Yule mama aliye garini ana mikono baridi," Yusra alisema bila kufungua macho vizuri. "Kanipapasa tumbo. Kaniuliza, huyu ni wangu?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka tu. Nilidhani ni jamaa zako."

Jioni ile mchuzi wa samaki haukuwa na chumvi. Swabir alisimamisha tonge hewani.

"Yusra. Chumvi?"

"Mgeni haipendi," Yusra alijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, na alipokuwa akisema hivyo, huko nje, kwenye mvua iliyoanza kudondoka juu ya mabati ya karakana, mlango wa Renji ukafunguka taratibu kwa sauti ya bawaba iliyotiwa mafuta, sauti aliyoifahamu kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeitia mafuta, ukafungwa, na harufu ya udi ikaingia kwa dirisha, ikapita juu ya sinia, ikazunguka chumba kama mtu atafutaye pa kuketi, na Yusra akasogea kidogo kwenye jamvi, akaacha nafasi.

Asubuhi Swabir alikuwa Msambweni kwa Boga, mganga aliyekuwa akiuza kahawa stendi na kuagua akishafunga biashara. Boga alimsikiliza huku akisuuza vikombe.

"Hicho ulicholishwa juu ya boneti ni chano," alisema. "Chakula cha majini hakitiwi chumvi. Anayekila kwa hiari yake amejikaribisha. Nani aliyekipika?"

Swabir alikuwa amekwisha kusimama.

Alikwenda Waa. Mejumaa alikuwa uwanjani anaruka kamba, mashavu yamejaa, na alipomwona alipiga kelele, "Mjomba!" akamrukia shingoni. Swabir alikuwa ameshukuru Mungu kwa kupona kwa mtoto huyu. Alikuwa amemnunulia viatu.

Esha alikuwa jikoni, anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Yusra hatii chumvi tena."

Mikono ya Esha ilisimama juu ya ungo. Akasema chini chini, "Tangu Chande alilete gari lile hapa, mwanangu alitema kila chenye chumvi. Akakauka mbele ya macho yangu. Tukaambiwa ni jini, litaondoka tu likipata mwingine wa kulikaribisha."

"Kwa hivyo mkaniita mimi. Walikuwako wateja tele, dada. Watu msiowajua."

"Mtu baki angeuliza chumvi, akasukuma sinia." Sasa alimtazama, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nilitaka mtu atakayekila chakula changu hata kikikosa kitu. Nilifikiri sana, Swabir. Nikaona ni wewe tu."

"Ulijua mke wangu ana mimba."

"Nilijua."

Hakumpiga. Alitamani ampige, au dada ndiye ampige kama zamani, lakini mikono ya wote wawili ilikuwa imekufa.

Alirudi kwa Boga, naye akamwambia njia ni mbili. Ya kwanza: chano kipikwe tena, kiliwe na mtu wa nyumba ya dada yake, na jini litarudi lilikotoka. Ya pili ni chumvi, bahari yenyewe. "Lakini bahari huliondoa garini tu," alionya. "Likitoka humo, litakwenda mahali ambapo limeshapapenda. Hapo mimi sina ujuzi."

Swabir alipika mwenyewe. Wali mweupe, nyama, ndizi, halua, yai. Akalituma neno Waa kwamba mjomba anamtaka Mejumaa aje kula. Na Esha, amini usiamini, alimruhusu. Labda alidhani nduguye amemsamehe. Labda alijua akanyamaza.

Mtoto alikuja na viatu vyake vipya. Akanawa, akaketi mbele ya sinia pale kwenye boneti, miguu inaning'inia. Ndani ya gari kulianza tik, tik, tik, haraka haraka, kama moyo wa mtu mwenye hamu.

"Bismillahi," alisema Mejumaa, akapeleka mkono. "Mjomba, nani kapika?"

"Mimi."

"Basi hata kikiwa kibaya nitakula."

Swabir alimshika mkono kabla haujafika kinywani. Alimshika kwa nguvu hata mtoto akashtuka. Alimteremsha, akaingia jikoni, akatoka na kopo zima la chumvi, akalimwaga juu ya wali na nyama na halua, kila mahali. Mle garini kelele ya tik tik ilikatika ghafla.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Mwambie mama yako mjomba ametia chumvi. Mwambie hivyo hivyo."

Siku hiyo hiyo alimpeleka Yusra kwao Mkwiro, awe mbali na gari. Kisha, maji ya bahari yalipotoka, aliiendesha Renji mpaka mchangani Msambweni. Ilikuwa nzuri, wallahi, imesimama juu ya magurudumu yake kama dume la ng'ombe. Hakuna gari lililowahi kumkaa moyoni kama lile. Aliiingiza mpaka kwenye matope ya mwisho, akazima injini, akatoka. Maji yalipojaa yaliingia kwa milango, yakafunika usukani, yakafunika paa, likabaki lile bomba la hewa peke yake likitoa mapovu, na mapovu yalinuka udi.

Maji yalipotoka tena akaenda kutazama. Chesisi ilikuwa nyekundu. Aliichoma bisibisi, likazama. Swabir, mtu mzima, alipiga magoti matopeni akaibusu kutu. Jini limetoka. Aliwasimulia Ukunda nzima, akaongeza chumvi zake mwenyewe, jinsi alivyolizamisha kwa mkono wake. Nyumbani kwa dada yake hakwenda tena.

Yusra alijifungua salama, mtoto wa kike, mzuri, asiyelialia. Alipofika umri wa kuanza kula, Swabir mwenyewe alimpakata, akachovya kidole kwenye mchuzi wenye chumvi, akamtia kinywani.

Mtoto alitema.

Yusra alikuwa akimtazama, akitabasamu. Akasogeza bakuli la pili lililokuwa tayari kando yake, wali mweupe usio na kitu, na mtoto akafunua kinywa kabla kijiko hakijamfikia, huku ulimi wake mdogo ukigonga kaakaa taratibu: tik, tik, tik.