Ukurasa wa Mwisho wa Ripoti

Steshenari ya Saidi, jirani na soko kuu la Tabora, ilikuwa imejaa hadi barazani. Umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu na kila mtu alitaka kuwahi kabla haujakatika tena. Katikati ya msongamano huo alisimama Levina, sketi ya kitenge, raba zenye vumbi jekundu, akikipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake, kipande kwa kipande.

"Dada, unaipiga picha ripoti?" mtu alimuuliza mgongoni.

"Naipiga. Kwani inakuuma?"

"Inaniuma kidogo. Hiyo dashibodi, hizo ramani na chati zote, nimeitengeneza mimi."

Levina aligeuka. Aliona shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi mpaka likasimama, na shingoni kitambulisho cha mradi wa maji, mradi uleule aliokuwa akiufanyia kazi yeye. Huyu alikuwa Aleksi Sindayigaya, mtu wa takwimu wa ofisi ya mjini. Levina alisimamia visima vya upande wa Ulyankulu. Walikuwa wakisomana majina kwenye barua pepe tu.

"Ulyankulu ndiko nilikozaliwa," Aleksi alisema. "Mtandao kule unaupata wapi siku hizi?"

"Juu ya kichuguu. Nikishuka, dashibodi yako inazungusha kiduara tu mpaka chaji inaisha. Ndiyo maana napiga picha."

"Sogea kidogo, mama wa visima."

Alishika kipanya, akachuja vibaki visima vya Levina peke yake, akaitoa dashibodi nzima kama faili la PDF na kumtumia kwenye simu.

"Zima data. Haya, fungua."

Ilifunguka. Ramani ilikuwepo, vidoti vya kijani kwa visima vinavyotoa maji, vyekundu kwa vilivyoharibika.

"Hiyo sasa ni yako," Aleksi alisema. "Mtandao ukifa, yenyewe haikukimbii. Unaweza hata kumrushia mwenyekiti wa kamati, akaisomea shambani."

Mwanamke mwingine angetabasamu. Levina alisema asante, akaweka simu kwenye pochi, akaondoka. Hakuwa na kiburi. Tangu mchumba wake Benjamini afe kwa ajali ya pikipiki, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona upo, lakini ukiufinya hausemi kitu. Alikula, alifanya kazi, kanisani aliimba sauti ya pili bila kukosea. Basi.

Tangu hapo, kila Jumatatu Aleksi alimtolea ripoti yake na kumtumia. Mwanzoni zilikuwa ramani na chati tu. Kisha siku moja ukaongezeka ukurasa wa mwisho, usio na chati wala kidoti: *Wewe uliye mbali na mtandao, nakukumbuka. Kunywa maji ya kutosha. Wako, A.*

Levina alimpigia akiwa juu ya kichuguu.

"Huu ukurasa ni wa kazi?"

"Ni wa kazi. Kazi yangu."

"Mbona hujaandika jina langu?"

"Faili la ofisi hilo, laazizi. Akiliona bosi je? Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali na mlenda. Unataka na idadi ya matonge uiwekee chati?"

Aleksi alicheka mpaka salio likaisha. Levina hakucheka, lakini Jumatatu iliyofuata alipanda kichuguu kabla hajapiga mswaki.

Ikaenda hivyo msimu mzima wa mvua. Wakaonana mjini, wakala chipsi mayai, Aleksi akamshika mkono mbele ya watu naye hakuutoa. Hakumwambia kwamba anampenda. Alijua tu kwamba ukurasa ule akiufungua mahali pasipo na mtandao, mbali na watu, kulikuwa na kitu kifuani kinachotaka kujigeuza.

Kisha kikaitishwa kikao cha wasimamizi wote Tabora. Wakati wa chai, Najiat, msimamizi wa Lusu, alijisogeza karibu yake. Binti mrembo, baibui lenye vishanga mikononi, manukato yaliyotangulia kufika kabla yake.

"Dada Levina, wewe mtu mzima, nishauri. Aleksi wa takwimu amenipenda."

"Amekwambia?"

"Hajasema kwa mdomo. Mjanja. Ona." Akafungua ripoti ya visima vya Lusu, akaivuta mpaka mwisho. *Wewe uliye mbali na mtandao, nakukumbuka.* Neno kwa neno, mpaka ile *Wako, A.*

Levina alimeza chai yake. "Hongera," alisema.

"Nimpe asali ya kwetu, au nitaonekana nina haraka?"

"Mpe. Anapenda."

Hakulia. Aliosha kikombe, akakirudisha kwenye trei, akaifungia namba ya Aleksi. Aleksi alipopiga kwa namba nyingine alimwambia, "Kama ni ya visima, andika barua pepe," akakata. Wiki hiyohiyo aliomba uhamisho wa Mpanda. Alikubaliwa upesi, maana watu wa kuomba Mpanda si wengi.

Zikabaki siku chache asafiri. Alizunguka vijijini kuaga, na kituo cha mwisho kikawa kwa mzee Lugembe, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mkali ambaye hata pampu ilimwogopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nasikia unatukimbia."

"Nahamishwa."

"Sawa. Ukipita mjini, mpe salamu yule kijana wa ofisini. Mwambie namshukuru. Watoto wangu wa kuzaa hawaniulizi hali, yeye kila Jumatatu hakosi."

"Kijana gani?"

Lugembe alitoa simu yenye ufa, akavaa miwani, akafungua ripoti. Pale hapakuwa na mtandao hata wa dawa, lakini ilifunguka. Akaisukuma kwa kidole kinene mpaka mwisho, akasoma kwa sauti kama anasoma somo kanisani: "Wewe uliye mbali na mtandao, nakukumbuka. Kunywa maji ya kutosha. Wako, A." Akavua miwani. "Na kweli nayanywa. Hata mgongo umepungua kuuma."

Levina alikaa kwenye ukingo wa kisima.

"Mzee, hii imeanza kuja lini?"

"Tangu ripoti zilipoanza kujituma zenyewe. Wenyeviti wote tunapata. Mwenzangu wa kijiji cha pili amemsomea mkewe."

Levina alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu, akaifungulia namba ya Aleksi, akampigia.

"Uko wapi?"

"Kwa Saidi. Nachapa ripoti."

"Usiondoke."

Alifika jua likiwa limeinama. Aleksi alikuwa barazani, shati halijapigwa pasi. Levina hakuketi.

"Ripoti umeziwekea ratiba zijitume?"

"Ndiyo. Nilichoka kuzitoa moja moja. Kila mtu anachujiwa visima vyake."

"Na ukurasa wa mwisho?"

"Wa mwisho ni wako..." Levina alimwona akiikimbiza ile hesabu kichwani. "Chujio linachuja visima," alisema polepole. "Ule hauna kisima."

"Kwa hiyo hauchujwi. Unakwenda kwa wote."

"Mungu wangu. Ndiyo maana Najiat aliniletea asali."

"Na mzee Lugembe anakuita mwanawe."

"Na mkurugenzi yumo kwenye orodha."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Mabosi hawafiki ukurasa wa mwisho." Alijifuta uso. "Levina, umenifungia mwezi mzima kwa ajili ya hiyo? Kwa nini hukuuliza?"

"Sikusikia kitu moyoni," alijibu. "Nilidhani kama sisikii kitu, basi hakuna cha kuuliza."

Saidi, aliyekuwa akijifanya anapanga karatasi, aliingia ndani.

"Jumamosi naenda Mpanda," Levina alisema. "Barua imeshatoka."

"Nenda. Kazi ni kazi." Aleksi alisimama. "Lakini wazee wangu wakitoka Ulyankulu kuja Ntalikwa kwa baba yako, atawafukuza?"

"Atauliza mnasali wapi."

"Wakatoliki."

"Sisi Wamoraviani. Atanuna. Halafu atachinja kuku."

"Na wewe?"

Kifuani mwa Levina kulikuwa kumeanza kuchomachoma, kama mkono uliolaliwa unapoachiwa na damu ikarudi. Alishika ukuta. Machozi yalikuja bila kuombwa, naye hakuyafuta.

"Waje," alisema.

"Unaumwa? Twende hospitali ya Kitete?"

"Hapana. Inauma tu. Iache iume."

Aleksi akamshika mkono, akaiacha iume.