Sikio, Mkono na Mwanamke

Idris alishindwa kusoma herufi moja ya Kichina, na kwa sababu hiyo Latifah alikaa Uchina miaka minne zaidi.

Sasa Latifah alikuwa mbele ya bucha ya Idris pale Kianjai. Arobaini ya baba yake ilikuwa imesomwa jana, na Jumatatu angepanda ndege kurudi kazini.

"Nipimie nusu kilo. Halafu uniambie mbona hukunijibu."

Idris aliweka kisu chini.

"Ulinitumia herufi saba. Sita nilizisoma. Mwaka huu njoo nyumbani kwetu. Kisha moja, kisha mimi."

"Na hiyo moja?"

"Ilinishinda."

"Miaka minne, Idris?"

"Sheria ilikuwa yako! Hakuna kuuliza simu, hakuna kuuliza mtu. Unaivunja vipande mpaka iseme."

Ni kweli. Enzi hizo Latifah alijiandaa kwa mtihani wa Kichina nyuma ya bucha, yeye na kitabu, Idris na kalamu na magazeti ya kufungia nyama. Idris aliacha shule darasa la sita, lakini mchinjaji anajua kiungo kilipo. Herufi ya nyama aliiona mara moja: mbavu zimening'inia. Ya nyumbani ilikuwa paa, na chini yake nguruwe.

"Astaghfirullah! Nguruwe ndani ya nyumba?"

"Si yako, ni ya Wachina. Andika!"

Walicheka mpaka wateja wakachungulia. Latifah hakuwahi tena kucheka hivyo na mtu.

"Kwa hiyo uliona nini?" Latifah aliuliza.

"Sikio. Mkono. Chini yake mwanamke. Nikasema huyu ananiita nikavutwe sikio mbele ya baba yake."

Latifah hakucheka.

"Sikio na mkono ni kuchukua. Ukiweka mwanamke chini, ni kuoa. Nilikuambia njoo unioe."

Idris alikaa juu ya gogo la kukatia nyama.

"Ungeniuliza tu," Latifah alisema.

"Ujue nimeshindwa tena, kama shuleni? Na wewe, si ungepiga simu?"

"Nikuombe mara ya pili? Mimi mwanamke? Niliona umenikataa."

Makandi, mama wa duka jirani, aligonga kaunta.

"Nyinyi! Hapa nyama inauzwa ama inaliliwa?"

Idris alivua aproni.

"Nani amesimama mahali pa baba yako?"

"Baba mdogo Suleiman. Yuko nyumbani. Unaenda wapi?"

"Kwa Suleiman. Leo najua ninaitiwa nini."

"Na nyama yangu?" Makandi aliuliza.

"Jipimie, mama. Usiibe sana."

Nikahi ilifungwa Ijumaa. Ndege ya Jumatatu iliondoka bila Latifah, na kazi yake ya ukalimani ikapewa mwingine. Baba yake, aliyetaka kumwozesha yeye mwenyewe, alikuwa kaburini siku arobaini na tatu. Mama yake Idris alikuwa kaburini mwaka mmoja na nusu. Bibi harusi alikuwa na miaka arobaini na mmoja, bwana arobaini na sita. Mtoto hawajapata.