Miraa ya Thuranira

Sokoni Gakoromone siku ya Jumamosi, mtu mwenye akili zake timamu havai jaketi la manyoya saa sita mchana. Mutugi alikuwa amelivaa. Alisimama katikati ya msongamano wa soko hilo la mjini Meru, jasho likimtiririka hadi kwenye kola, viatu vyake vyeupe vikikanyaga maganda ya ndizi, na mbele yake palikuwa na kibanda cha Karimi, muuza makoti ya mitumba.

"Hii koti bei gani?" aliuliza, akishika moja la kijivu.

Karimi alimpima kuanzia viatuni hadi shingoni. Alikuwa msichana wa Laare, mrefu, mwenye mwanya na kitambaa cha manjano kichwani, na ulimi wake ulijulikana soko zima. "Umevaa moja na unataka la pili. Kwani kuna theluji inakuja Meru na mimi sijaambiwa?"

"Kule nafanya kazi, Amerika, koti kama hii watu wanatupa tu."

"Basi si urudi ukaokote?"

Felicitas, rafiki yake wa kibanda cha pili, aliangua kicheko mpaka akashika nguzo. Mutugi naye alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, kikaharibu mambo. Hakununua koti. Aliomba namba ya simu, na ili aipate ilibidi asimame juani na jaketi lake hadi kibanda kifungwe.

Alikuwa mtu wa Siakago, kule Embu kwenye joto, na huko ng'ambo kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Uraia alikwisha kuupata. Alikuja likizo kutafuta usingizi na chakula cha mama, akapata mke. Alimpeleka baba yake, Mzee Nyamu, hadi Laare na mbuzi na asali, wakapokelewa vizuri na Mbaabu, babake Karimi. Mzee Nyamu alikuwa na magoti mabovu na mizinga mingi ya nyuki. Alimshika Karimi mkono akasema, "Sikupata binti. Sasa nimepata." Wakaoana mbele ya msajili, Karimi amevaa gauni la krimu lililombana kiuno, Mutugi amevaa suti iliyompwaya mabegani. Kisha Mutugi akapanda ndege, akaomba viza ya mke, na kungoja kukaanza.

Kungoja huko kulimla Karimi polepole. Hakuongeza bidhaa kibandani kwa sababu angesafiri wakati wowote. Hakuhamia chumba kizuri kwa sababu angesafiri wakati wowote. Wateja walikuja kuuliza, "Bado hujaenda tu?" kabla ya kuuliza bei. Wengine walimwita Mama Viza, mbele yake, huku wakimwomba awapunguzie. Kitu pekee alichokuwa nacho ni simu ya jioni.

"Mwendwa, umekula?"

"Nimekula ndizi na nyama. Wewe?"

"Mimi nimekula mkate na upweke."

"Paka siagi."

"Karimi! Huna huruma hata kidogo."

"Ninayo, lakini nimekuwekea. Nitakuja nayo kwa ndege."

Siku ya mahojiano ilipofika, alivaa suti ya buluu aliyoshonewa Makutano na viatu vya kuazima kwa Felicitas, vilivyombana vidole. Huko ubalozini Nairobi, nyuma ya kioo, alikaa mama mmoja mzungu mwenye nywele fupi na sura isiyosema lolote. Kando yake alikuwa mkalimani. Karimi aliinua mkono wa kulia akaapa kusema kweli. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, na kiapo kilimtisha kuliko yule mama.

Maswali yalikwenda vizuri. Mumeo analala upande gani? Kovu la mguuni alilipata wapi? Mama alikuwa karibu kutabasamu. Kisha akauliza, na mkalimani akatafsiri: "Kuna mwanamume mwingine aliyewahi kukuposa, hata kwa mila tu?"

Kwa watu wa Laare, mwanamume akitaka msichana hupeleka kwa baba yake shada la miraa bora, limefungwa kwa majani ya mgomba. Baba akilifungua na kutafuna, amekubali. Akibadili nia, hurudisha shada jingine lililofungwa vilevile, mbele za watu. Karimi alipomaliza shule, kijana aliyeitwa Thuranira alilileta lake. Mbaabu alitafuna mpaka jioni. Karimi alikimbilia Meru kesho yake, Thuranira akaoa mwingine, na hakuna aliyerudisha kitu. Likabaki jambo la kuchekesha watu arusini.

Kwa hiyo Karimi alisema kweli, kama alivyoapa. Na kwa kuwa hadithi hiyo kila mara ilileta kicheko, aliisimulia kama alivyozoea, hadi mwisho wake. "Baba alikula miraa ya watu," alisema akicheka. "Ukiwauliza wazee wa kwetu, mimi bado ni bibi ya Thuranira!"

Mkalimani alitafsiri. Mama nyuma ya kioo hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: mke wa mtu kwa mila hawezi kuwa mke wa mwingine kwa sheria. Alete uthibitisho kutoka kwa huyo mwanamume, wazee na chifu kwamba hakuna ndoa. Hadi hapo, viza imesimama.

Jioni ile alimpigia Mutugi huku amevua viatu, amekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu.

"Bibi ya nani?" Mutugi aliuliza.

"Ilikuwa ni mzaha, mwendwa. Miraa ililiwa ikaisha."

"Baba yangu alipanda milima na magoti yale kuleta asali kwa mtu ambaye alishakula miraa ya mwingine?"

"Hiyo si kuoa! Mimi sikukanyaga hata kwa mlango wake."

"Ungeniambia. Mimi nimejua pamoja na mzungu, Karimi. Nimejua baada ya mzungu."

Akakata. Alikata pia kesho yake, na wiki iliyofuata hakupokea kabisa. Karimi alikonda. Alilia ndani ya makoti ya watu, huku akijifanya anatafuta saizi. Felicitas alimfokea ale, akala ili asifokewe.

Hata majira ya mvua yalipokwisha yakaja ya baridi, simu ikalia.

"Mwendwa," Mutugi alisema, sauti imelainika. "Nimepoa. Nilikuwa na wivu wa kijinga."

"Si ungepoa mapema, wewe mwanamume? Nimebaki mifupa."

"Fuata tu hizo sahihi. Mimi niko hapa."

Alifunga kibanda siku hiyo hiyo akaenda Laare.

Mbaabu alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Miaka yote hii, nirudishe miraa leo?" alisema. "Nimwaibishe kijana wa watu?"

"Baba, ni wewe uliyeila. Mimi ndiye ninailipia."

Lilikuwa neno baya kumwambia mzazi, na Karimi alilisema akijua ni baya. Asubuhi mzee alimwambia aende akamsikie Thuranira mwenyewe.

Thuranira sasa alikuwa mnunuzi mkubwa, mwenye tumbo na banda la kufungashia miraa barabarani. Hakutaka hongo wala kusihiwa. "Nitaweka sahihi," alisema, akiendelea kukagua mafurushi. "Lakini baba yako alete shada mwenyewe. Siku ya soko. Aje kwa miguu, apite katikati, asiletwe na bodaboda. Na aseme kwa mdomo wake kwamba nilikataliwa. Mimi nilichekwa hapa mwaka mzima, Karimi. Wewe hukuwako, ulikuwa Meru."

Mbaabu alienda. Alivaa koti lake la kanisani, akabeba shada begani, akapita katikati ya soko la Laare huku wafungashaji wakiacha kazi mmoja mmoja kumtazama. Karimi alimfuata nyuma kidogo. Mbele ya banda mzee alisema maneno aliyoagizwa. Thuranira alilipokea shada, akalifungua, akainusa ile miraa, akaimwagia mbuzi waliokuwa wamefungwa hapo nje. Watu walicheka. Kisha akaweka sahihi, na chifu akagonga mhuri. Tangu siku hiyo Mbaabu hakukanyaga soko tena.

Karimi aliona uchungu huo wote, akaumeza, kwa sababu ng'ambo ya pili yake palikuwa na Mutugi. Kila jioni alimweleza hatua aliyofika. Kila jioni Mutugi alisema, "Jikaze, mpenzi."

Alirudi ubalozini na karatasi zake kwenye bahasha safi. Kijana wa dirishani alitazama kompyuta yake, akatazama tena.

"Dada, hii kesi ilifungwa."

"Ndiyo, nimeleta walichotaka ifunguliwe."

"Haikufungwa na sisi. Mumeo ndiye aliondoa ombi. Julai."

Simu ile ya kupoa ilikuwa Agosti. Karimi aliuliza mara mbili, kijana akamgeuzia kioo cha kompyuta ajisomee. Alitoka nje akapiga simu palepale kando ya barabara, magari yakipita.

"Julai, Mutugi?"

"Nilitaka kukuambia."

"Uliniacha nimtembeze baba yangu sokoni."

"Nilidhani mzee atakataa. Nilidhani Thuranira atakataa. Basi ingeisha yenyewe, bila mimi kusema." Alikuwa analia, na kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. "Wewe ulikuwa unasema 'nimefika hapa, nimefika pale', na mimi nikawa nashindwa."

"Kuna mtu?"

"Kuna mtu. Wa kanisani huku."

Karimi hakupiga kelele. Alirudi Meru, akafungua kibanda, akauza. Alimchukia, na usiku alinyoosha mkono kutafuta simu ili amwambie jinsi anavyomchukia, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia mambo ya moyoni.

Mutugi alirudi kupiga mwaka uliofuata. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu aliye ofisini. Alitaka talaka. Wakili alikuwa amemwambia kwamba Karimi akikubali kwa sahihi itakuwa haraka, na asipokubali kesi itakokotwa kwa miaka. Yule mwanamke wa kanisani hangengoja.

"Nitasaini," Karimi alisema.

"Asante, Karimi. Kweli una roho nzuri."

"Baba yako aje Laare. Siku ya soko. Apite katikati kwa miguu hadi kwa baba yangu, aseme mbele za watu kwamba mtoto wake amenikataa. Akimaliza, nitasaini."

"Karimi, unajua magoti ya mzee."

"Najua."

"Hiyo ni roho ya aina gani?"

"Ni hii umeniachia."

Aliikata simu kwa furaha chungu. Alijua Mzee Nyamu hawezi. Alijua Mutugi hatathubutu hata kumwomba. Wangebaki hivyo, Mutugi amefungwa kwake kwa karatasi, mwaka baada ya mwaka, na yule mwanamke wa kanisani aonje kungoja. Ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kuwa mke wake, nayo aliishika kwa mikono miwili.

Mzee Nyamu alikuja.

Gari lilimshusha mwisho wa soko la Laare, na kutoka hapo alitembea kwa fimbo, kofia mkononi, bahasha ya wakili kwapani, akisimama kila baada ya vibanda vichache kupumua. Karimi, aliyekuwa amekuja Laare kumwona baba yake, alikuwa ameitwa mbio kutoka nyumbani. Alimwona kutoka mbali, akaanza kupenya katikati ya watu ili amzuie. Watu waliacha kufungasha. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mbaabu, ambaye hakuwa ametoka nje ya ua tangu aibu yake, alisimama langoni. Mzee Nyamu alifika, akageukia watu. Suruali yake ilikuwa na vumbi hadi magotini.

"Mimi ni Nyamu wa Siakago," alisema kwa Kiswahili chake kizito, ili watu wa huku wamwelewe. "Mtoto wangu amekataa huyu msichana. Yeye hakukosa kitu. Mtoto wangu ndiye amekosa. Nimeambiwa nikuje niseme hivyo, na nimesema."

Karimi alikuwa amefika karibu, mkono umefunika mdomo. Mzee alimwona, uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, kama siku ile ya asali. Akamnong'oneza, kwa unyenyekevu wa mtu anayeogopa kwamba hajafanya vizuri:

"Mwanangu, nimesema sawa? Naweza kukaa sasa?"

Hakukuwa na kiti. Karimi alipiga magoti kwenye vumbi mzee amwegemee begani, na akiwa hapo chini, bila kuinua uso, aliomba watu kalamu.