Mashine Isiyonyeshewa Mvua

Haya, nakutegea wewe unayenisikiliza: nakanyaga juu yake, nyumba yangu imejengwa nacho, upepo ukivuma unaniletea vumbi lake, na bado nakaribia kufa kwa kukikosa. Ni nini?

Usijisumbue sana. Ni chuma. Aliyekikosa ni Mwasiti, mke wa Shomari, katika mji wa chuma na vioo uliojengwa kwenye sayari ya Mirihi, ambako ardhi yote ni nyekundu kwa kutu.

Asubuhi hiyo Mwasiti alikaa mezani na mimba yake kubwa, akagusa ukingo wa sahani kwa kidole. Sahani ikaipima damu yake bila kumchoma, ikapeleka habari kwa mpishidamu, mashine ndefu kama kabati iliyosimama ukutani. Mikono yake ya bati ikakaanga maini, ikapika mchicha, ikapakua maharage na kuyakamulia limau, maana limau huusaidia mwili kuchukua chuma cha majani na kunde. Chai haikuwekwa. Chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma hicho kisiingie mwilini.

"Wifi, mashine yako ina roho mbaya kuliko mama mkwe. Hata chai!" Mwasiti alilalamika.

"Kula, utakunywa baadaye," alisema Zamda. "Na mama yangu usimseme, yuko mbali, hawezi kujitetea."

Zamda, dada yake Shomari, ndiye mhandisi aliyeiunda mpishidamu. Wajawazito wote wa mji ule walilishwa nayo, na viganja vyao vikarudi kuwa vyekundu. Isipokuwa wifi yake. Mwasiti alimaliza sahani, akameza na vidonge vya kuongeza damu, lakini damu ilizidi kushuka. Akipanda ngazi anashika ukuta, anahema. Ukimvuta kope la chini, ndani ni peupe. Na mji ule haukuwa na akiba ya damu ya kumwongezea mzazi akitokwa na damu nyingi. Chombo kutoka duniani kilikuwa safari ya miezi.

Kila mlo ukiisha, mpishidamu iliuliza kwa sauti laini: "Kuna kitu kingine unachokula?"

Mwasiti hakuijibu hata siku moja. Alijifuta mdomo, akaenda zake.

Zamda akaifungua mashine, akaifunga, akaifungua tena. Shomari akamkuta sakafuni katikati ya skrubu.

"Dada, hiyo mashine ni nzima."

"Sasa mbona mkeo anapauka hivi? Unataka nikuzikie mtu huku ugenini?"

Shomari akachuchumaa karibu yake. "Umemuuliza?"

"Anaulizwa kila siku!"

"Na mashine. Wewe je?"

Zamda akaweka bisibisi chini. Alikuwa amepima kila kitu cha wifi yake, ila hakuwahi kukaa naye.

Akaizima mpishidamu, akaenda chumbani kwa Mwasiti. Nje ya kioo vumbi jekundu lilikuwa likipita kimyakimya. Akaketi mkekani, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Wifi, leo nauliza mimi. Nisamehe kwa kukutumia bati likuulize. Unakula nini kingine?"

Mwasiti akainamisha uso. Kisha akafungua pindo la khanga yake polepole. Mlikuwa na vipande vya udongo wa kula, ule ambao wajawazito hununua sokoni wakautafuna. Aliusafirisha ndani ya begi lake tangu duniani.

Zamda akafumba macho. Alijua kuwa udongo ule hukishika chuma tumboni na kutoka nacho. Maini yote yale, mchicha wote ule, vyote bure.

"Kwa nini hukusema, Mwasiti? Mtoto huyu ni damu yangu pia. Mashine ilikuuliza kila siku, kwa nini hukuijibu?"

Mwasiti akatazama nje, kwenye mbingu isiyo na wingu. Machozi yakamtoka.

"Nikiutia mdomoni nasikia harufu ya mvua ya kwanza, ile inayopiga vumbi la kwetu. Ningeiambiaje mashine, wifi? Haijawahi kunyeshewa."